Viti 26: jinsi vyama vidogo vya Brussels vilivyozuia ombi la radhi kwa Kongo

Tarehe 19 Desemba 2022, tume maalumu ya Baraza la Wawakilishi la Ubelgiji, ambayo kwa zaidi ya miaka miwili ilikuwa ikichunguza ukoloni wa nchi hiyo nchini Kongo, Rwanda na Burundi, ilifikia mwisho wa kazi yake bila kupitisha pendekezo hata moja. Mapendekezo 128 yalikuwa yameandikwa. Ripoti ya wataalamu yenye kurasa karibu 700 ilikuwa mezani tangu mwaka uliotangulia, na watu karibu 300 walikuwa wamesikilizwa. Kazi yote hiyo ilikwama kwenye jambo moja, yaani kama Bunge liombe radhi au lisiombe. Siku ileile, katika nchi jirani ya Uholanzi, Waziri Mkuu Mark Rutte alisimama mjini Den Haag akaomba radhi kwa niaba ya serikali yake kwa utumwa ambao Waholanzi waliuendesha kwa karne kadhaa.

Hapa Lubumbashi jambo hilo huelezwa kwa sentensi moja: Wabelgiji walikataa. Wengine husema mfalme ndiye aliyekataa. Maneno hayo yanaeleweka, kwa sababu aliyeumizwa hana wajibu wa kujifunza mpangilio wa nyumba ya aliyemuumiza, lakini hayatusaidii. Taifa zima la Ubelgiji halikuulizwa, na mfalme hakuwa na mamlaka ya kuamua. Ombi la radhi lilizuiwa na washirika wachache ndani ya serikali ya mseto, hasa vyama viwili vya kiliberali ambavyo kwa pamoja vilikuwa na viti 26 kati ya 150, na lilizuiwa kwa njia ambayo mtu yeyote anayetaka siku moja kuiona Ubelgiji ikibadili msimamo wake kuhusu Kongo hana budi kuielewa hatua kwa hatua.

Inafaa kwanza kusema jambo hili lina uzito gani katika mji wetu. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na askari wa serikali ya kikoloni wakawapiga risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa Shilatembo, mwendo mfupi kutoka mjini. Kisa cha Lumumba kilipata tume yake mjini Brussels na kikapata ombi lake la radhi. Wafanyakazi wa 1941 hawajapata kimoja wala kingine. Kwao, na kwa wengine wengi wa namna yao kutoka Kasai hadi Kivu, ombi la radhi kwa utawala wote wa kikoloni ndilo lililokuwa mlango pekee uliobaki, na ndilo lililokataliwa.

Serikali ya vyama saba

Uchaguzi wa Ubelgiji wa Mei 2019 uliacha Baraza la Wawakilishi lenye vyama 12. Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja kupata serikali kamili, nayo iliapishwa tarehe 1 Oktoba 2020 chini ya Alexander De Croo. Iliundwa na vyama saba: Wasoshalisti wa Kifaransa wa PS na wenzao wa Kiflemi ambao baadaye walijiita Vooruit, Waliberali wa MR na Open VLD, vyama vya Kijani vya Ecolo na Groen, pamoja na Wakristo-demokrasia wa CD&V. Kwa pamoja vilikuwa na viti 87, huku kikomo cha wingi kikiwa 76. PS, kikubwa kuliko vyote, kilikuwa na viti 19, na Groen, kidogo kuliko vyote, kilikuwa na 8. Waziri Mkuu mwenyewe alitoka chama chenye viti 12.

Katika hali kama hiyo maneno “chama kidogo” yanahitaji uangalifu. Vyama vyote saba vilikuwa vidogo, kwa kuwa hakuna kilichofikia hata moja ya saba ya viti vya Bunge zima. Serikali ya namna hiyo hukaa kama chungu juu ya mafiga: udogo wa figa si hoja, kwa sababu ukiondoa karibu lolote kati yake chungu kinapinduka. Waliberali wakiondoka, zinabaki kura 61 na serikali inaanguka. Wasoshalisti wa Kifaransa wakiondoka, zinabaki 68, nayo inaanguka vilevile. Ndiyo maana Baraza la Mawaziri la Ubelgiji haliamui kwa kura. Huamua kwa maafikiano, na mambo magumu hupelekwa kwanza katika kikao kidogo kinachoitwa kern, ambamo Waziri Mkuu hukaa na manaibu wake, na kila chama cha mseto kina naibu wake mmoja. Katika kikao hicho sauti ya chama cha viti 8 na ya chama cha viti 19 zina uzito uleule wa kuzuia.

Mfalme Philippe naye yumo ndani ya mpangilio huo. Katiba ya Ubelgiji inasema kwamba tendo la mfalme halina nguvu bila waziri anayelibebea dhamana, na kwa desturi hotuba zake zenye uzito wa kisiasa hupitia serikalini. Alipomwandikia Rais Félix Tshisekedi barua ya tarehe 30 Juni 2020, siku Kongo ilipotimiza miaka 60 ya uhuru, akieleza majuto yake makubwa kwa majeraha ya zamani, alikuwa akisema kile ambacho serikali ilikuwa tayari kukibeba. Alipokuja nchini Juni 2022, akapita Kinshasa, akazungumza na wanafunzi hapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kisha akaenda Bukavu katika hospitali ya Panzi, alirudia majuto yaleyale na hakuongeza hatua. Wengi waliomsikiliza walitafuta sababu moyoni mwake. Ingefaa zaidi kuitafuta katika kern, kwa sababu tume ya Bunge ilikuwa haijamaliza kazi, vyama saba vilikuwa havijakubaliana, na mfalme wa kikatiba hawezi kuitangulia serikali yake katika jambo ambalo serikali hiyo imegawanyika.

Jinsi mlango ulivyofungwa

Tume ilizaliwa Julai 2020, wiki chache baada ya maandamano yaliyofuata kuuawa kwa George Floyd nchini Marekani, wakati sanamu za Leopold II zilipokuwa zikipakwa rangi nyekundu na moja kuondolewa Antwerp. Mwenyekiti wake alikuwa Wouter De Vriendt wa Groen. Hilo lenyewe ni somo kuhusu vyama vidogo: chama cha viti 8, ambacho hakikuwa na wizara ya Mambo ya Nje wala ya Ushirikiano wa Maendeleo, kilipata kalamu ya kuandika rasimu ya msimamo wa Ubelgiji kwa nchi tatu za Afrika. Chama kidogo kinaweza kufungua mada ambayo vikubwa havikuwa na haraka nayo, na kwa miaka miwili De Vriendt aliifungua kweli.

Aya aliyoiandika ililiomba Bunge liombe radhi kwa watu wa Kongo, Rwanda na Burundi kwa utawala na unyonyaji wa kikoloni, kwa ukatili, kwa kuvunjwa kwa haki za binadamu na kwa ubaguzi wa rangi ulioambatana na yote hayo. Rasimu ilieleza pia kwamba radhi hiyo haileti wajibu wa kisheria na kwa hiyo haiwezi kuwa msingi wa kudai fidia. Maneno hayo yaliwekwa kwa ajili ya Waliberali, na hayakuwatosha.

Hofu yao ilikuwa na historia ya karibu. Agosti 2020 ilikuwa imetangazwa kwamba Burundi ingezidai Ubelgiji na Ujerumani euro bilioni 36. Mwaka huohuo wanawake watano waliozaliwa Kongo na mama Waafrika na baba wazungu, kisha wakaondolewa kwa mama zao wakiwa wadogo na kuwekwa kwenye misheni, walikuwa wameifikisha Ubelgiji mahakamani. Walishindwa mwaka 2021, lakini rufaa yao ilikuwa bado hai wakati tume ilipokuwa ikijadili. Nje ya suala la fedha, Waliberali walisema pia kwamba Wabelgiji wa leo wasibebeshwe hatia ya vizazi vilivyopita. Mimi naona hoja hii ya pili ni dhaifu, kwa sababu aliyekuwa akiombwa kuomba radhi ni Dola, na Dola hiyo ndiyo ileile iliyoirithi Kongo kutoka kwa Leopold II mwaka 1908, ikakusanya kodi, ikatunza kumbukumbu zake na mpaka leo inadai heshima ya mikataba iliyosainiwa enzi hizo. Hoja ya fedha ni nzito zaidi, na nitairudia.

Tukihesabu ndani ya mseto, upande uliotaka radhi ulikuwa mkubwa zaidi. PS, Vooruit, Ecolo na Groen vilikuwa na viti 49 kati ya 87, na Waliberali 26. Swali la msomaji wa Lubumbashi ni la haki kabisa: kwa nini 49 walishindwa na 26? Jibu la kwanza ni la hesabu. Nje ya serikali, vyama viwili vikubwa vya upinzani, N-VA na Vlaams Belang, vilikuwa vya mrengo wa kulia wa Kiflemi. Ukiongeza kwenye 49 wabunge wote 12 wa chama cha mrengo wa kushoto cha PTB na hata wale 7 wa vyama viwili vidogo vya Kifaransa vilivyobaki, unapata 68. Bila CD&V au sehemu ya Waliberali hapakuwa na njia ya kufika 76. Jibu la pili ni la desturi: vyama vilivyo ndani ya mseto mmoja haviendi kutafuta wingi mwingine bungeni dhidi ya mshirika wao, kwa sababu atakayefanya hivyo leo kwa suala la Kongo atafanyiwa kesho kwa suala la pensheni au la nishati ya nyuklia.

Jibu la tatu ndilo ninaloliona kuwa kiini cha kisa hiki. Nguvu ya chama kidogo katika mambo ya nje hupimwa kwa bei ambayo kila upande uko tayari kulipa. Waliberali walikuwa tayari kuiona tume ikifa. Wasoshalisti na Wakijani walikataa kupitisha mapendekezo yasiyo na radhi, na katika hilo walikuwa waaminifu kwa watu waliosikilizwa na tume, lakini hawakuwa tayari kuiona serikali ikianguka. Majira hayo ya baridi bei ya gesi na umeme ilikuwa imewafadhaisha wananchi wa Ulaya yote, vita vya Ukraine vilikuwa na miezi kumi, na hakuna kiongozi wa chama aliyefikiri kwamba wapiga kura wa Liège au Gent wangemsamehe kwa kuvunja serikali kwa sababu ya ukoloni. Anayetaka kubadili hali iliyopo lazima alipe. Anayetaka hali ibaki ilivyo hahitaji kufanya lolote zaidi ya kusubiri muda uishe.

Tofauti inaonekana wazi tukikumbuka Desemba 2018. Wakati huo N-VA, chama kikubwa zaidi katika serikali ya Charles Michel, kilijiondoa serikalini kwa sababu ya Mkataba wa Marrakech wa Umoja wa Mataifa kuhusu uhamaji. Suala lilikuwa la nje, lakini lilikuwa na wapiga kura wa ndani waliolifuatilia kwa hasira, na kwa hiyo lilikuwa na bei. Kongo haina wapiga kura wa namna hiyo nchini Ubelgiji. Jumuiya ya Wakongomani wanaoishi huko ipo, ina sauti, ilifanya kazi kubwa mwaka 2020, lakini hakuna chama kinachopoteza uchaguzi kwa kuisahau.

Waliberali walikuwa wamewahi kuomba radhi

Kama kisa kingeishia hapo, tungeweza kusema kwamba Waliberali wa Ubelgiji hawapendi kuomba radhi. Historia inasema kinyume, na ndiyo sehemu ninayoiona kuwa na mafunzo mengi zaidi.

Aprili 2000 aliyeomba radhi Kigali kwa kushindwa kwa nchi yake wakati wa mauaji ya kimbari alikuwa Guy Verhofstadt, Mliberali wa Kiflemi. Februari 2002 aliyeomba radhi kwa sehemu ya Ubelgiji katika kifo cha Lumumba alikuwa Louis Michel, Mliberali wa Kifaransa, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje. Aprili 2019 aliyeomba radhi bungeni kwa watoto machotara waliotenganishwa na mama zao alikuwa Charles Michel, mwanawe, akiwa Waziri Mkuu. Na tarehe 20 Juni 2022, miezi sita tu kabla ya tume kukwama, wakati jino la Lumumba lilipokabidhiwa kwa familia yake mjini Brussels, aliyerudia radhi ile ya 2002 alikuwa Alexander De Croo. Jeneza lenye jino hilo lilipitishwa hadi Shilatembo kabla ya mazishi ya Kinshasa ya tarehe 30 Juni, na watu wa hapa walilipokea kama mtu anavyompokea mzee wake. Maombi yote manne yalitamkwa na vinywa vya Waliberali.

Kilichobadilika Desemba 2022 ni mambo mawili. Kwanza, radhi zote za awali zilikuwa na mipaka: mtu mmoja, kundi moja, miezi fulani ya mwaka 1994. Aliyeomba alijua mwisho wa alichokuwa akikiri. Aya ya De Vriendt ilihusu mfumo mzima, kuanzia Dola Huru ya Kongo hadi 1960, na ndani ya mfumo huo kila kijiji kilicholazimishwa kuleta mpira na kila familia iliyopoteza mtu migodini ingeweza kujiona imetajwa. Pili, kalamu ilikuwa mikononi mwa nani? Maombi ya awali yaliandikwa na ofisi zilizoongozwa na Waliberali wenyewe, kwa wakati waliouchagua wao. Hili la mwisho liliandikwa na mbunge wa chama cha Kijani. Siwezi kuingia ndani ya nia za watu, lakini yeyote aliyefuatilia siasa za mseto anajua kwamba chama kidogo hulinda sifa yake kama kinavyolinda viti vyake, na hakipendi mshirika wake apewe heshima ya tendo ambalo kesho watu watalikumbuka kwa jina.

Radhi ya 2002 ina fundisho jingine. Serikali ya Verhofstadt ya mwaka 1999 ilikuwa ya kwanza tangu 1958 kutokuwa na Wakristo-demokrasia ndani yake. Mawaziri walioshughulikia Kongo mwaka 1961, kuanzia Waziri Mkuu Gaston Eyskens, walitoka katika familia hiyo ya kisiasa. Ilipokuwa nje ya serikali, hapakuwa na mshirika ndani ya kern mwenye sababu ya kulinda kumbukumbu za wazee wake, na Wakijani, walioingia serikalini kwa mara ya kwanza, waliongeza msukumo wao. Uchunguzi ukaanza, ripoti ikatoka mwaka 2001, radhi ikafuata baada ya miezi michache. Aliyekuwa nje ya mlango mwaka 1999 alikuwa na uzito sawa na waliokuwa ndani.

Kuhusu hoja ya fedha, mambo yalijieleza yenyewe. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliwapa ushindi wale wanawake watano, ikisema kwamba kuwaondoa kwa mama zao kulikuwa jinai dhidi ya binadamu, na ikaiamuru Dola ya Ubelgiji imlipe kila mmoja wao euro 50,000. Hukumu hiyo ilijengwa juu ya sheria ya kimataifa ya jinai dhidi ya binadamu. Msingi wake haukuwa hotuba ya Charles Michel ya 2019. Kwa maneno mengine, kukaa kimya Desemba 2022 hakukuikinga hazina ya Ubelgiji na chochote, na maneno ya radhi yangeweza kutamkwa bila kuongeza wala kupunguza senti moja.

Kinshasa ilikuwa wapi?

Bei ya kukataa ingeweza kupandishwa kutoka nje, yaani kutoka kwetu. Haikupandishwa. Wakati wa ziara ya mfalme, Rais Tshisekedi alitilia mkazo ushirikiano wa siku zijazo kuliko yaliyopita, na serikali yake haikuifanya radhi kuwa sharti la jambo lolote. Upo uelewa wa haki kwa msimamo huo: waasi wa M23 walikuwa wameuteka mji wa Bunagana siku ileile ya mwisho ya ziara, tarehe 13 Juni, na Kinshasa ilihitaji marafiki Brussels kuliko ilivyohitaji hotuba. Lakini athari yake ndani ya mseto wa Ubelgiji ilikuwa moja tu. Waliberali waliweza kuwaambia washirika wao kwamba hata Wakongomani wenyewe hawadai.

Sisi tunajua kwa uzoefu wetu jinsi mseto unavyoweza kuiweka sera ya nje mikononi mwa upande mdogo. Serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba, iliyoundwa Agosti 2019, ilikuwa na watu 42 wa FCC ya Joseph Kabila na 23 wa CACH ya Tshisekedi, na bungeni FCC ilikuwa na wingi mkubwa kabisa. Hata hivyo wizara ya Mambo ya Nje ilikwenda kwa Marie Tumba Nzeza wa UDPS, chama cha Tshisekedi, na milango ya Brussels na Washington iliyokuwa imefungwa miaka ya mwisho ya Kabila ikafunguliwa tena. Upande mdogo ulikuwa na ikulu na wizara, upande mkubwa ulikuwa na Bunge, na katika mambo ya nje Bunge lilikuwa na nafasi ndogo ya kusukuma. Mseto huo ulidumu hadi Desemba 2020.

Ubelgiji nayo ina visa ambavyo chama kidogo kimesukuma mbele badala ya kuzuia. Januari 2018, baada ya waumini walioandamana tarehe 31 Desemba 2017 kupigwa risasi, De Croo, wakati huo Waziri wa Ushirikiano wa Maendeleo katika serikali ambamo chama chake kilikuwa kidogo kuliko vyote vinne, aliielekeza kwingine misaada ya euro milioni 25 iliyokuwa ikipitia serikali ya Kongo. Kinshasa ilijibu kwa kuifunga Nyumba ya Schengen, ofisi ya viza za Ulaya mjini Kinshasa, na ikadai konsula ya Ubelgiji hapa Lubumbashi ifungwe. Mfanyabiashara wa Kamalondo au mwanafunzi wa Kasapa aliyebaki bila mahali pa kuuliza habari za viza yake alikuwa akilipa gharama ya uamuzi uliotoka kwa chama cha viti 14. Mwaka 2025, baada ya Goma na Bukavu kutekwa, Maxime Prévot wa Les Engagés, chama kingine cha viti 14, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliibeba Ubelgiji mstari wa mbele katika kudai vikwazo vya Umoja wa Ulaya, na tarehe 17 Machi 2025 Kigali ikavunja uhusiano wa kibalozi na Brussels. Katika visa vyote viwili chama kidogo kilikuwa na wizara husika, hakuna mshirika aliyeona wapiga kura wake wakiguswa, na hatua yenyewe haikuhitaji kura ya Bunge. Radhi ya 2022 haikuwa na sifa hata moja kati ya hizo tatu.

Hata sheria ya tarehe 3 Julai 2022 kuhusu kurudisha mali zilizochukuliwa wakati wa ukoloni inathibitisha jambo hilo kwa njia yake. Ilipita katika mseto uleule, miezi michache tu kabla ya tume kukwama. Iliandaliwa na Thomas Dermine wa PS, na ilipita kwa sababu haikumlazimisha yeyote kurudisha kitu chochote mara moja: kila kitu kinahitaji kwanza mkataba kati ya nchi mbili. Makavazi ya Tervuren yana orodha ya vitu karibu 84,000 kutoka Kongo, orodha ambayo De Croo aliikabidhi kwa Waziri Mkuu Sama Lukonde Februari 2022. Waliberali waliweza kuikubali sheria inayofungua njia bila kutaja tarehe ya kuanza safari.

Uchaguzi wa Juni 2024 ulibadilisha hesabu. Ecolo ilishuka kutoka viti 13 hadi 3, Groen kutoka 8 hadi 6, Open VLD kutoka 12 hadi 7, na MR ikapanda kutoka 14 hadi 20. Serikali ya Bart De Wever iliyoanza Februari 2025 ina N-VA, MR, Les Engagés, Vooruit na CD&V. Kati ya vyama vinne vya mseto uliopita vilivyotaka radhi, vitatu viko upinzani, na Vooruit kimebaki peke yake ndani kikiwa na viti 13. Kwa hiyo mashirika ya Kongo na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanaotaka aya ile irudi mezani wana mlango mmoja wa kuanzia, ambao ni wa Vooruit, na mmoja wa kuupitia kwa subira, ambao ni wa MR. Njia niliyoiona ikizaa matunda kwa MR tangu Louis Michel ni ile ya kudai jambo lenye mipaka na majina. Mauaji ya wafanyakazi wa Union Minière ya Desemba 1941 yana tarehe, mahali, na kampuni ambayo kumbukumbu zake bado zipo.